Magurudumu ya Hatua Ishirini

Trela ya kulalia ilisimama sentimita 214 kutoka ardhini hadi kwenye kifuniko cha tundu la hewa juu ya paa. Mlango wa gereji ulikuwa na sentimita 206. Mwenye trela ni mpimaji ardhi anayelala porini kiangazi kizima na kurudi Mulungwishi mvua zinapoanza, naye alikuwa amekwisha kuzunguka njia zote zinazomjia mtu kichwani. Kupandisha linta kungeyumbisha ukuta wa matofali ya kuchoma uliojengwa enzi za magari madogo. Kuchimba sakafu kungekaribisha maji, maana huku mvua ya Januari haibishi hodi. Kupunguza upepo kwenye matairi kungeokoa sentimita mbili au tatu tu, na tairi lililokaa limejikunja msimu mzima hupasuka ubavuni. Akampelekea shida yake fundi wa kando ya barabara, na mimi nikaenda kutazama.

Mulungwishi, huku Kongo, inajulikana zaidi kwa misheni ya Wamethodisti na chuo kikuu chao. Ukikaa kibandani kwa fundi huyu, unaijua kwa barabara. Kila kinachotoka Likasi kwenda Fungurume na Kolwezi hupita mbele yake, na reli haiko mbali. Alijifunza kulehemu kwa mzee aliyefanya kazi Likasi, kwenye karakana kuu za Panda, zile zilizoihudumia kampuni ya madini ya Union Minière na baadaye Gécamines. Bado ana tabia za karakana kubwa: hagusi chuma kabla ya kukipima mara mbili, na kila kipimo hukiandika kwa chaki juu ya meza.

Alipoelezwa shida alionyesha barabarani. Trela yenye kitanda cha chini ilikuwa inapanda polepole, imebeba kijiko cha kuchimbia mgodini. Lori la kawaida mara nyingi huvaa rimu za inchi 22.5, trela za namna ile huvaa za inchi 17.5, ili mzigo mrefu ushuke karibu na ardhi na upite chini ya nyaya na madaraja. Huko Austria yapo mabehewa ya reli yanayobeba malori mazima, na magurudumu yao hayafiki sentimita 40 kwa kipenyo, ili lori liingie kwenye mahandaki ya milimani. Dawa ni ileile: ukitaka paa lishuke, punguza gurudumu.

Ila hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Tairi la trela, 185R14, lina kipenyo cha karibu sentimita 65. Tairi la inchi 8, lile linalovaliwa na bajaji, lina karibu 41. Tofauti ni 24, lakini paa halishuki 24. Linashuka 12, kwa sababu ekseli iko katikati ya gurudumu, na ni nusu ya chini tu inayoibeba. Trela ilihitaji kushuka 8. Zikabaki 4 za kupumulia. Fundi aliziandika zile 4 kwa chaki na kuzizungushia duara.

Kupata magurudumu madogo ni kazi nyepesi. Kuyafunga kwenye haba, yaani kitovu cha ekseli, kisichoyajua ndiyo kazi. Kila haba ya trela ilikuwa na stadi tano, bolti zinazopita kwenye tundu za rimu, na tundu tano huwezi kuzipima moja kwa moja kutoka upande huu hadi ule, kwa kuwa hakuna tundu linalotazamana na jingine. Alipima kwa kalipa kati ya vitovu vya tundu mbili zilizo jirani, akapata milimita 65.8, akazidisha kwa 1.7. Jibu: 112. Hata hivyo hakuiachia hesabu peke yake. Alilaza karatasi juu ya rimu kubwa, akaisugua kwa kipande cha mkaa hadi tundu zote tano na la katikati zikajichora zenyewe, kisha akakilinganisha kipimo cha kichwani na kile cha karatasini. Vilipokubaliana ndipo alipochukua bamba la chuma na kugonga alama.

Kisha likaja tatizo lililonifanya nimheshimu zaidi. Trela ina breki, na dramu ya breki haiingii ndani ya rimu ya inchi 8. Fundi mwenye haraka angeng'oa dramu. Huyu aliiacha mahali pake. Alikata vipande viwili vya bomba nene, kila kimoja sentimita 7, akavilehemu kati ya bamba na rimu ili gurudumu dogo lisimame nje ya dramu badala ya kuizunguka. Katikati ya rimu alitoboa nafasi ya kutosha spana ya boksi kupita ndani ya bomba na kuzifikia nati. Sasa trela ilikuwa imepanuka sentimita 14 kwa chini, basi akarudi gerejini na utepe kupima upana wa mlango, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelikumbuka.

Kabla ya kuwasha moto alivua matairi. Mwanafunzi wake aliuliza kama ni lazima, kwa kuwa yalikuwa mapya na yamekwisha kujazwa. Fundi alisimamisha kazi kumjibu: rimu ikipata moto huku tairi lina upepo, linaweza kulipuka na kuua mtu, hata kama moto unaonekana mdogo. Halafu akaunga nukta moja, akavuka upande wa pili akaunga nyingine, akarudi, akavuka tena, ili joto lisivute bamba upande mmoja. Tundu za nati alizichonga midomo ya mshazari, maana nati za gurudumu zina uso wa koni, na koni hiyo ndiyo inayoliweka gurudumu katikati kila unapokaza.

Mwisho alilifunga gurudumu kwenye haba, akasimamisha msumari karibu na ukingo wa rimu, akalizungusha. Upande mmoja lilikaribia msumari kuliko mwingine, kwa unene wa kadi. Mwenye trela alicheka kwa furaha: lilikuwa gurudumu la hatua ishirini tu, toka uani hadi gerejini. "Hii haiko ya barabara, papa," alisema fundi, na bado alilifungua, akasaga, akalirudisha, akalizungusha tena mpaka msumari ukaona nafasi moja pande zote. Mimi kwangu ufundi uko hapo. Gurudumu la kwenda Kolwezi hutengenezwa vizuri kwa sababu barabara itamwumbua aliyelifanya vibaya. Hili hakuna barabara ingeliumbua, na alilifanya vizuri vilevile.

Siku ya kuingiza walitoa kwanza tangi la maji na mtungi wa gesi, kwa sababu tairi dogo lina kikomo cha uzito kilichoandikwa ubavuni. Walisukuma kwa mikono, gari halikuhusishwa. Mlangoni kulikuwa na mwinuko mdogo uliokula sentimita tatu kati ya zile nne. Fundi alikuwa amekwisha kuona kwamba kifuniko cha paa, sehemu iliyo juu kuliko zote, kiko nyuma ya ekseli. Trela hucheza juu ya ekseli: ukiinua mkono wa mbele, mkia unashuka. Kwa hiyo kifuniko kilipokaribia linta alimwashiria mwanafunzi azungushe jeki ya gurudumu la mbele, pua ikapanda, nyuma ikainama, trela ikapita.

Ndani waliinyanyua wakaiweka juu ya vigoda vya chuma, magurudumu madogo yakatolewa yasibebe uzito mvua nzima. Fundi aliyapaka rangi nyekundu, bamba na bomba pamoja, ili mtu yeyote atakayeyakuta asidhani yanafaa kuvutwa na gari. Nati zake alizifunga kwenye mfuko na kuuning'iniza kwenye stadi za haba. Karatasi ya mkaa aliikunja akaiweka kibandani, kwenye kopo lenye karatasi nyingine kama hiyo.