Jicho la Mgongoni

Mchezaji wa tenisi hana habari na mgongo wake. Akiwa uwanjani anaona mpira, anaona wavu, anaona mwenzake aliye ng'ambo. Miguu yake mwenyewe haioni, wala haoni bega linavyochelewa kugeuka, wala mkono wa kushoto unavyoshuka mapema wakati wa sevu. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na sijui mchezo unaoithibitisha methali hiyo kuliko huu. Kwa sababu hiyo nauheshimu sana ufundi wa kujirekodi ukicheza, na vifaa vyake vyote: kamera, mlingoti, kadi, betri, hata kipande cha sponji cha kuzuia upepo.

Huku Buigiri, wilayani Chamwino, kando ya barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Morogoro, tenisi si mchezo wa wengi. Uwanja wetu ni udongo wa kichuguu uliopondwa, ukachekechwa, ukamwagiwa maji na kushindiliwa, udongo uleule unaosifika kwa kusiriba sakafu na kufyatulia matofali. Mistari tunaipiga kwa chokaa. Hatuna sababu ya kuuonea haya. Rod Laver, Mwaustralia aliyetwaa mataji yote manne makubwa ndani ya mwaka mmoja, mwaka 1962 na tena mwaka 1969, alikulia kwenye viwanja vya udongo wa vichuguu huko Queensland. Kiwanja basi tunacho. Tunachokosa ni kocha, mtu wa kusimama nyuma ya mstari akatuambia ukweli. Kazi hiyo tumeikabidhi kamera, na ukishaelewa kwamba unamchagulia kocha mahali pa kusimama, utaacha kuulizia bei kwanza.

Utauliza kwanza kimo. Wavu wa tenisi una sentimita 91.4 katikati, na kutoka hapo hadi mstari wa nyuma ni mita 11.89. Weka kamera mita 6 nyuma ya mstari huo, juu ya stendi ya mita moja na nusu, kama wanavyofanya wengi. Kisha chora kwenye karatasi mstari kutoka kwenye lenzi, upite juu kabisa ya wavu, uuendeleze upande wa pili. Utagusa ardhi mita 28 ng'ambo ya wavu, mbali kabisa nje ya uwanja. Maana yake nusu yote ya mwenzako utaitazama kupitia matundu ya wavu, na mpira ukidunda kule hutajua umedunda wapi. Ipandishe kamera hadi mita 3 na mstari huo unagusa ardhi karibu mita 8 kutoka kwenye wavu. Sasa mstari wa nyuma wa mwenzako uko wazi, lakini mstari wa sevu, ulio mita 6.4 kutoka kwenye wavu, bado umefichika. Fika mita 4 na mguso unarudi hadi mita 5.3, na mstari wa sevu unafunguka wote. Mita moja tu ya bomba inakupa kitu ambacho kamera ya mamilioni iliyowekwa chini haiwezi kukupa.

Wagogo wanalijua jambo hili tangu zamani. Mtama na uwele vikianza kukomaa, mlinzi wa shamba havizii kweleakwelea akiwa amesimama katikati ya mabua. Hupanda dungu, na kutoka huko huona kundi likitua upande gani na shamba limeliwa wapi. Kamera ya mchezaji ni mlinzi wa dungu. Haitakiwi kuukimbilia mpira, inatakiwa ikae juu, itulie, ione shamba zima.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye fedha ya kitu kimoja ni huu: nunua kimo. Simu uliyonayo mfukoni inatosha kuanzia. Mlingoti wetu umetengenezwa na fundi wa kuchomelea: mabomba mawili, moja likiingia ndani ya jingine, yakishikwa na boliti, na juu kabisa kishikio cha simu kilichofungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili mtikisiko wa bomba usifike kwenye lenzi. Chini tunaning'iniza mfuko wa mchanga. Anayejua upepo wa Dodoma wa kuanzia Juni hadi Septemba hataniuliza mchanga ni wa nini. Nimeona stendi nyepesi za dukani, nzuri za kung'aa, zikilala kifudifudi kabla ya gemu ya pili, kamera ikiwa chini yake.

Lenzi ndiyo jambo la pili, na hapa matangazo ya biashara huwapotosha watu kwa kusifia uwezo wa kuvuta vitu vya mbali. Mchezaji hahitaji kuvuta, anahitaji upana. Kamera kuu ya simu nyingi huona upana wa karibu digrii 70, na kwa upana huo, ili pembe zote mbili za karibu za uwanja wa mchezaji mmoja mmoja ziingie kwenye picha, lazima ikae mita 6 nyuma ya mstari au zaidi kidogo. Kwa wawili wawili, ambapo uwanja hupanuka kutoka mita 8.23 hadi 10.97, rudi mita 8. Ukiwa na ukuta au michongoma nyuma yako na nafasi hiyo haipo, ndipo utumie lenzi pana sana kama zile za kamera ndogo wanazofunga waendesha baiskeli kwenye kofia. Ujue tu gharama yake: mistari iliyonyooka itapinda, na mwenzako wa ng'ambo atapungua hadi karibu nusu ya ukubwa ambao angekuwa nao. Mimi huchagua kurudi nyuma kila ninapoweza. Nafasi haiuzwi, na inaipa picha ukweli ambao lenzi pana haiwezi kuurudisha.

Kuhusu kasi ya picha sina shaka hata kidogo. Sevu ya kilomita 150 kwa saa husafiri karibu mita 42 kila sekunde. Ukirekodi fremu 30 kwa sekunde, mpira unaruka mita 1.4 kati ya picha na picha, na mara nyingi ile nukta ya raketi kugusana na mpira haipo kabisa kwenye rekodi. Kwa fremu 60 pengo hilo hupungua nusu. Nikilazimika kuchagua kati ya picha kubwa yenye fremu 30 na picha ya kawaida ya 1080 yenye fremu 60, siwazi mara mbili. Mpiga picha Eadweard Muybridge alipozipanga kamera zake kando ya njia ya farasi huko Palo Alto, California, mwezi Juni 1878, hakuwa akitafuta picha ya kupendeza ukutani. Alitaka kujua kama kuna wakati ambapo kwato zote nne huwa hewani, na jibu likapatikana katika kitambo ambacho jicho la mtu haliwezi kukikamata. Sisi tunaotafuta kisigino kilichobaki chini wakati kilipaswa kuinuka ni wa ukoo huohuo.

Mpira wenyewe ulishatusaidia. Zamani mipira ya tenisi ilikuwa myeupe, na rangi ya njano iliingia kwenye kanuni mwaka 1972 kwa sababu watazamaji wa televisheni ya rangi walikuwa wakiupoteza mpira kwenye skrini. Wimbledon waliushikilia mweupe hadi 1986. Juu ya udongo mwekundu wa Ugogo njano huonekana vizuri mno, ila kwa muda mfupi. Baada ya seti moja mpira umeshavaa rangi ya ardhi, na kamera huanza kuuhangaikia. Mechi ya kurekodiwa tunaifungulia mipira mipya, na ile ya zamani tunaibakiza kwa mazoezi.

Jua nalo lina kanuni zake huku kwetu. Viwanja huelekezwa kaskazini na kusini ili mchezaji asipigwe na jua usoni asubuhi na jioni. Lakini tuko digrii 6 tu kusini mwa Ikweta, na jua la adhuhuri huhama pande. Mwezi Juni liko kaskazini yetu, mwezi Desemba liko kusini. Kwa hiyo mlingoti wetu nao huhama: kiangazi husimama upande wa kaskazini ukitazama kusini, na mvua zikianza tunauhamishia kusini. Vitabu vya maelekezo vinavyoandikwa Ulaya haviwezi kukwambia hilo, kwa kuwa jua lao la adhuhuri liko upande mmoja mwaka mzima.

Halafu joto. Apple, kwa mfano, wanashauri simu zao zitumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35. Simu nyeusi iliyofungwa juani mwezi Oktoba hupita hapo upesi, nayo hujizima bila kumwonea haya aliyekuwa akiongoza. Tunaikatia kivuli cha boksi jeupe, mbele pakiwa wazi. Vumbi tunalipuliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha ndipo kitambaa laini. Ukianza na kitambaa unaisugua lenzi kwa mchanga.

Kwenye betri na kadi sitakawia. Saa moja ya picha za 1080 kwa fremu 60 hula gigabaiti 5 au 6 kwenye simu inayobana vizuri, na hata maradufu kwenye isiyobana, kwa hiyo kadi ya 64 ni ya kuanzia tu. Pawabenki ifungwe kwenye mlingoti wenyewe, waya uwe mfupi. Ukinunua kamera ya picha za kawaida iliyotumika, uliza kwanza hurekodi muda gani mfululizo. Nyingi za zamani hukatika kwenye dakika 29 na sekunde 59, na sababu si ya kiufundi: forodha ya Umoja wa Ulaya iliitoza ushuru wa kamera ya video ile inayoweza kurekodi dakika 30 au zaidi kwa mkupuo, nao watengenezaji wakakata pale. Ushuru wa Ulaya unaweza kukunyima pointi ya mwisho ya seti huku Chamwino.

Kabla ya kuwasha, muombe ruhusa unayecheza naye, na baada ya mechi mpe nakala. Rekodi ni ya wote wawili.

Kutazama ndiko kazi yenyewe. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alipotwaa taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kufika hapo, watu wengi wa pande zetu walikodolea macho mipira yake ya ushindi. Mimi humtazama mchezaji wakati ambapo mpira haupo kwake. Televisheni hukuruhusu kufanya hivyo mpira ukiwa mchezoni, kwa maana kamera yao kuu nayo huwa juu na nyuma. Pointi ikiisha, inakimbilia nyuso na majukwaa. Rekodi yako mwenyewe haikimbii popote. Inakuonyesha ulivyorudi katikati kwa uvivu, ulivyosimama wima wakati mwenzako anavuta raketi, ulivyotazama pigo lako likienda badala ya kujiandaa kwa linalokuja. Ziba mpira kwa kidole kwenye skrini kama itabidi, uitazame miguu peke yake kwa gemu nzima. Kuna uungwana wa pekee katika kukubali kujiangalia hivyo, bila wa kukusifia wala wa kukuzomea.

Na kuna sauti. Buigiri inajulikana nchini kwa shule yake ya watoto wasioona, ya Kanisa Anglikana, na anayeishi jirani na shule hiyo hawezi kuendelea kuamini kwamba jicho ndilo shahidi pekee. Nina rafiki asiyeona ambaye hupenda nimwekee rekodi zetu, simu ikiwa mezani. Husikiliza mdundo wa mpira ardhini, kisha mlio wa nyuzi, na umbali kati ya hivyo viwili. Pengo likiwa sawa pigo baada ya pigo, husema mchezaji yuko kwenye wakati wake. Likianza kuyumba, husema fulani ameanza kuchoka, na nikirudi kwenye picha naikuta miguu imeshaanza kuchelewa tangu gemu iliyotangulia. Mpira uliopigwa katikati ya nyuzi una sauti kavu, iliyojaa. Uliogonga karibu na fremu ya raketi, sauti yake hupasuka. Mwaka 1984 Miyoshi Takei, kijana wa Kijapani asiyeona, alibuni tenisi ya wasioona kwa mpira wa sponji wenye kipira kinacholia ndani yake, na wasioona kabisa huruhusiwa midundo mitatu kabla ya kupiga. Mchezo huo wote unategemea habari ambayo sisi tunaoona huitupa kila siku.

Tangu nilipoanza kusikiliza hivyo, maikrofoni imepanda daraja katika orodha yangu, juu ya kamera mpya. Maikrofoni ya simu iliyo juu ya mlingoti hupokea upepo kuliko mchezo. Kipande cha sponji ya godoro kilichofungwa juu ya tundu lake huondoa sehemu kubwa ya mngurumo. Kuna tatizo la pili, nalo ni la umbali. Mchezaji wa ng'ambo yuko karibu mita 30 kutoka kwenye kamera, na sauti yake hufika fremu 5 baada ya picha, hivyo ukitaka kuupima wakati wake kwa jicho na sikio pamoja, unadanganyika. Dawa ni kinasa sauti kidogo kinachofungwa kwenye nguzo ya wavu, ambako wachezaji wote wawili wanakuwa na umbali unaolingana. Kianze kunasa pamoja na kamera, kisha mtu mmoja asimame mbele ya lenzi, karibu na nguzo hiyo, apige kofi moja kubwa. Fremu ambayo viganja vinakutana na mshindo wa kofi kwenye kinasa ukivipanga pamoja, sauti na picha vitaenda karibu sambamba.