Kayamba la mtoto linapimwa kwa sikio la nani?

Kama umewahi kufika Tunduma unajua kelele zake. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, bodaboda zinapiga honi, kila banda lina spika yake, na ng'ambo kule Nakonde nako muziki haulali. Katikati ya kelele hizo, miezi michache iliyopita, nilisimama na dada yangu kwenye meza ya vichezeo. Alikuwa anamtafutia mwanawe wa miezi minne kitu cha kutikisa. Wengine wanakiita kayamba, wengine njuga, na muuzaji yule alisema tu "hiki cha kutikisa-tikisa". Mimi nitakiita kayamba.

Dada akachukua la kwanza, akalitikisa. Kimya. Akalirudisha. La pili, likasikika kwa mbali. La tatu likalia kweli kweli, hata muuza chipsi wa jirani akageuka.

"Hili ndilo," akasema. "Yale mengine hayalii, mjomba. Mtoto atasikia nini?"

Nilikubali, nikalipia. Jioni, chumbani, mlango umefungwa, mtoto akalitikisa mara mbili, akashtuka, akaangua kilio. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza maswali ambayo ningejiuliza sokoni.

Makala hii ni uhakiki wa kifaa, kama wengine wanavyohakiki filamu au simu mpya. Hoja yangu ni moja: makayamba mengi, ya dukani na hata ya kutengeneza nyumbani, yanapimwa kwa sikio na mkono wa mtu mzima, halafu yanatumiwa na mtu mwenye mkono wa sentimita chache na mdomo unaotaka kuonja kila kitu. Karibu kasoro zote zinatoka hapo.

Lakini kwanza, kayamba linafanya kazi gani?

Wengi tunadhani ni la kumnyamazisha mtoto. Wazo hilo ni la zamani sana. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, analisifia kayamba la Archytas, kwa maelezo kwamba watoto wakipewa kifaa hicho hawavunji vyombo vya nyumbani. Yaani zaidi ya miaka 2,300 iliyopita mzazi alikuwa analinunua kwa sababu ileile: amani ya nyumba.

Watafiti wa makuzi wameliona kwa jicho jingine. Mwaka 1979 Darwin Muir na Jeffery Field walionyesha kwamba hata mtoto mchanga wa siku chache anageuza kichwa polepole kuelekea upande unaotoka sauti ya kayamba. Kwa hiyo sikio lipo kazini tangu mwanzo. Miaka kumi kabla yao, Carolyn Rovee-Collier alifunga utepe kutoka mguu wa mtoto hadi kwenye vichezeo vinavyoning'inia juu ya kitanda. Mtoto alipogundua kwamba akirusha mguu vinacheza, alirusha zaidi. Na Jean Piaget alieleza kwamba kati ya miezi minne na minane hivi, mtoto huanza kurudia kitendo kwa makusudi ili aone tena kilichotokea.

Ukiunganisha hayo unapata jambo zuri: kayamba ni maabara ya kwanza ya mtoto. Natikisa, linalia. Naacha, linanyamaza. Natikisa kwa nguvu, linalia zaidi. Hapo anajifunza kwamba mkono ni wake na kwamba dunia inamjibu. Kwa hiyo kayamba zuri ni lile ambalo mtoto mwenyewe anaweza kulitikisa, likamjibu kwa kiasi alichotikisa. Ukubwa wa sauti hauna uzito huo.

Sasa tulipime lile letu la Tunduma.

Kasoro ya kwanza ni sauti. Viwango vya usalama wa vichezeo vya Marekani, ASTM F963, vinasema sauti inayoendelea ya kichezeo cha kushika mkononi isizidi desibeli 85, ikipimwa kwa umbali wa sentimita 50. Hebu nyoosha mkono wako. Sentimita 50 ni umbali ambao wewe ungekishikilia. Mkono wa mtoto wa miezi minne hauna urefu huo. Kayamba lake liko sentimita 20 kutoka sikioni, na akilipeleka mdomoni, pengine sentimita tano.

Hapa fizikia ya kidato inatosha. Kwa chanzo kidogo cha sauti mahali pa wazi, kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti inaongezeka desibeli 6 hivi. Kwa hesabu hiyo, desibeli 85 za pale sentimita 50 zinakuwa kama 93 kwenye sentimita 20, na kama 105 kwenye sentimita tano. Haya ni makadirio, maana karibu sana na kitu chenyewe hesabu hii hailingani sawasawa, lakini picha unaipata.

Desibeli 105 ni nyingi kiasi gani? Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika mwongozo wao wa 2019 kuhusu simu na vifaa vya kusikilizia muziki, waliweka kwa watoto kipimo cha desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kanuni yake ni kwamba kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Ukifuata hesabu hadi 105, unabaki na dakika mbili na nusu hivi kwa wiki nzima. Kweli, mwongozo ule haukuandikwa kwa ajili ya makayamba, na mtoto hatikisi mfululizo. Anatikisa, anasahau, anatikisa tena. Sisemi kayamba litamfanya kiziwi kesho asubuhi. Nasema kwamba kichezeo kinaweza kufaulu kipimo cha mtu mzima na bado kikawa kikali kwenye sikio la mwenye kukitumia.

Na Tunduma inaongeza tatizo lake. Tulichagua kayamba katikati ya honi na spika. Mahali penye kelele, kayamba la sauti ya wastani linaonekana bovu, na lile kali ndilo linaonekana zima. Mnunuzi anachagua kali, muuzaji anaona kali ndilo linatoka, safari ijayo analeta kali zaidi. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Soko lenyewe linachuja makayamba ya upole na kuyatupa, halafu lililobaki linakwenda kuliliwa kwenye chumba kimya.

Kasoro ya pili ni mkono. Lile letu lilikuwa na kishikio kinene, kizuri kwa kiganja cha dada. Mtoto alilishika kwa vidole vyote, likateleza, likamwangukia puani. Mtoto huzaliwa na uwezo wa kukamata kitu kikigusa kiganja chake. Mpe kidole chako utaona. Basi kipimo kizuri cha kishikio tunatembea nacho: unene wa kidole cha mtu mzima.

Ila kuna mtego. Kijiti chembamba chenye ncha kinashikika, lakini ncha hiyo inaweza kuzama kooni. Ndiyo maana tangu 1978 Marekani ina kanuni maalumu ya makayamba ya watoto: kunakuwa na tundu la umbo la yai, upana milimita 35 na urefu milimita 50, na hakuna sehemu ya kayamba inayoruhusiwa kuzama humo zaidi ya kina cha milimita 30. Njia rahisi ya kutoka kwenye mtego huu ni duara. Pete kama bangili ni nyembamba ya kushika, na haina ncha ya kuzamisha. Kwenye meza ile yalikuwepo makayamba ya pete. Hatukuyatazama, kwa sababu hayakulia sana.

Najua unachotaka kusema: basi tuachane na ya dukani, tutengeneze wenyewe. Nakubali, na hapo ndipo uhakiki wangu unapokuwa mgumu zaidi, kwa sababu nawahakiki watu ninaowaunga mkono.

Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwezi Desemba 2021, kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Ni jambo jema kabisa: inasisitiza afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali, vyote kwa pamoja. Na miongozo ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2012 kuhusu malezi inataja kayamba miongoni mwa vichezeo vya mtoto aliye chini ya miezi sita, na kuhimiza vya kutengeneza nyumbani. Ukizunguka mitaani utakuta tafsiri ya kawaida ya ushauri huo: chupa ndogo ya maji, punje za mahindi au maharage ndani, funga kifuniko, mpe mtoto.

Chukua rula upime kifuniko hicho. Kina upana wa karibu milimita 30. Kipimo kinachotumika duniani kutambua kitu kidogo cha kumkaba mtoto ni bomba lenye upana wa milimita 31.7. Kitu kikiingia chote humo, hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kifuniko cha chupa ya maji kinaingia. Yaani tumechukua kitu hatari, tukakifanya kuwa mlango, na nyuma ya mlango tukaweka vitu hatari vingine hamsini. Harage likilowa mate linavimba. Hata kabla ya kuvimba, harage moja linatosha kuziba njia ya hewa ya mtoto.

Kosa si la mama aliyetengeneza. Kaambiwa "tengeneza kayamba" bila kupewa kipimo hata kimoja. Ni kama kumwambia mtu achanganye dawa ya maji na chumvi bila kumwambia vijiko vingapi.

Sasa lipi ni zuri? Nilianza na kibuyu. Kibuyu kidogo kikikauka kizima, mbegu zake zinalia humo humo, bila tundu, bila kifuniko, bila gundi. Kama ubunifu, sijaona kinachokizidi kwa urahisi. Udhaifu wake ni sakafu ya saruji: kikianguka mara kadhaa kinapasuka, na mbegu hizo hapo chini. Ukikitumia, kikague kila siku, na usikipake rangi ya ukutani.

Chaguo langu la pili linatoka kwa mafundi cherehani, na Tunduma hatuna uhaba wa mafundi wala wa vipande vya kitenge. Tafuta kikopo kidogo kitupu cha mafuta ya mgando chenye kifuniko kipana kuliko sentimita tano. Kioshe, kikauke. Weka vijiwe vichache vilivyooshwa, havioti, havivimbi. Usijaze, maana vikikosa nafasi ya kuruka havilii. Gundisha kifuniko, acha gundi ikauke kabisa. Kisha fundi akishonee mfuko wa kitenge, mishono miwili, na aunganishe pete ya kitenge iliyojazwa vitambaa, nene kama kidole, pana kama mdomo wa kikombe cha chai. Hakuna vifungo, hakuna shanga, hakuna kamba ndefu.

Angalia kilichotokea. Gundi ikiachia, kitambaa bado kimezuia. Kitambaa kikichanika, kikopo bado kimefungwa. Vizuizi ni viwili badala ya kimoja. Na kitambaa kinapunguza ule mlio mkali, sauti inatoka ya upole. Nayo ina dosari: likilowa linachelewa kukauka, na mshono lazima uvutwe kwa nguvu kila wiki kuhakikisha haujaachia. Halimwondoi mzazi karibu na mtoto. Hakuna kayamba linalofanya hivyo.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda sokoni mara nyingine, iwe Tunduma, Vwawa au Mlowo, usilitikise kwa mkono ulionyooka. Lisogeze sikioni kwako, umbali wa kiganja, litikise. Kama wewe unakunja uso, mtoto atafanyaje? Shika kishikio kwa vidole viwili tu. Tafuta ncha, tafuta kifuniko, vuta kila kinachovutika. Na wewe unayeandaa kipeperushi cha malezi, ongeza mistari mitatu: upana wa kifuniko, unene wa kishikio, na neno "sikiliza kutoka alipo mtoto".

Dada alicheka nilipompelekea lile la kitenge. "Hili halilii, mjomba," akasema tena. Mtoto akalishika pete, akalitikisa, akatulia akilitazama. Akalitikisa tena. Safari hii hakulia, na sisi wawili tulinyamaza ili tulisikie.