Vinara Viwili vya Feza: Mchezo wa «Les Misérables» na Miaka Yake 40

Wengi wetu tulikutana na Jean Valjean katika seminari ndogo, katika somo la Kifransa. Tuliandika imla juu ya mkate aliouiba, tukashika kwa moyo majina ya Cosette na Gavroche, tukafanya mtihani, tukafunga kitabu. Kumbe mtu yule hakubaki kitabuni. Kule London, tangu mwezi wa Oktoba 1985, yeye hupanda jukwaani mara 8 kila juma. Huimba, huzeeka, hufa, na kesho yake huanza tena. Isipokuwa wakati wa Korona, ambapo nyumba zote za michezo zilifungwa, hakupumzika kwa muda mrefu. Mchezo huu umekwisha kuchezwa London zaidi ya mara 15,000, na hakuna mchezo mwingine wa kuimba uliodumu hivyo katika mji ule. Umetafsiriwa katika lugha zaidi ya 20, nao waliokwenda kuutazama duniani wapita milioni 100.

Twapenda kuuliza maswali mawili. Kwa nini mchezo huu wadumu? Tena, kudumu ndiyo alama ya uzuri? Maswali hayo si ya wachezaji tu. Yatuhusu na sisi, mapadri na wakatekista, tunaosimama kila siku mbele ya watu walewale na kusema maneno yaleyale.

Kwanza tueleze kwa kifupi ulikotoka. Ulizaliwa Paris mwaka 1980. Claude-Michel Schönberg alitunga muziki, Alain Boublil na Jean-Marc Natel waliandika maneno ya Kifransa, naye Robert Hossein akauonyesha katika Palais des Sports. Ulichezwa mara zaidi ya 100, kisha ukakoma, maana nyumba ile ilikuwa imekwisha kukodishwa kwa shughuli nyingine. Baadaye Mwingereza mmoja, Cameron Mackintosh, akasikia sahani ya nyimbo zile, naye akapatana na chama cha wachezaji kiitwacho Royal Shakespeare Company. Trevor Nunn na John Caird wakaupanga upya, Herbert Kretzmer akaandika maneno ya Kiingereza. Ulipoonyeshwa mara ya kwanza London, wahakiki wengi wa magazeti waliukemea, wakisema kwamba kitabu kikubwa kimefanywa kitu chepesi. Lakini watu hawakuwasikiliza. Walipanga mstari kununua tikiti. Basi, sisi nasi tunaoshika kalamu leo tuhakiki kwa unyenyekevu.

Wako wanaosema kwamba michezo ya namna hii hudumu kwa sababu ya mitambo: jukwaa linalozunguka, boma la barabarani linalojengwa mbele ya macho, taa kubwa inayoanguka kutoka darini kama katika «The Phantom of the Opera», uliochezwa New York mara 13,981, toka mwaka 1988 mpaka 2023. Sisi hatukubali. Katika New York hiyohiyo kulikuwa na mchezo mdogo, «The Fantasticks», katika nyumba yenye viti 150 hivi, wenye kinanda na kinubi basi. Ulianza mwaka 1960, ukaisha mwaka 2002, umechezwa mara 17,162. Tena, mwaka 2019 wenye «Les Misérables» waliondoa lile jukwaa linalozunguka la London, wakaweka mapambo mengine. Watu wanakuja vilevile. Kwa hiyo sababu haiko katika magurudumu.

Twaona kwamba sababu ni hii. Hadithi nyingi huishia kwenye msamaha. Hii huanzia hapo. Mtu ametoka gerezani baada ya miaka 19, amemwibia askofu aliyempokea, amekamatwa na kurudishwa. Naye askofu asema kwamba vyombo vile alimpa yeye mwenyewe, tena amwongezea vinara viwili vya feza. Yaliyobaki yote, saa karibu tatu, ni kujibu swali moja: mtu aliyesamehewa ataishi namna gani kesho, na kesho kutwa, na miaka yote itakayofuata? Swali hilo halizeeki. Kila mtu anayetoka katika kiti cha maungamo huondoka nalo.

Nyuma ya Valjean anakuja Javert, polisi. Tuwe waangalifu: Javert si mtu mwovu. Hasemi uongo, hali rushwa, hamwonei mtu kwa faida yake. Polisi wa namna hiyo wangetufaa sana! Lakini hajui kupokea bure. Siku Valjean anapomwachilia hai, pale bomani, ulimwengu wake wavunjika, naye ajitupa mtoni. Hapa mtunzi wa muziki amefanya kazi ya kusifiwa kweli. Wimbo anaouimba Valjean usiku ule baada ya kusamehewa, na wimbo anaouimba Javert kabla ya kufa, sauti yake ni moja. Watu wawili wamepigwa na huruma ileile. Mmoja amezaliwa upya, mwingine amekataa kuishi kwa deni. Msikilizaji hahitaji mwalimu wa kumweleza: masikio yake yakumbuka. Sisi tulikumbuka Petro na Yuda, waliojuta wote wawili katika usiku mmoja. Ni mahubiri machache yanayoonyesha jambo hilo wazi kadiri hiyo.

Hata hivyo kuna kasoro, nayo si ndogo. Askofu yuko wapi?

Victor Hugo alikitoa kitabu chake mwaka 1862. Kiliandikwa katika Index mwaka 1864, na wako wazee waliosikitika kuona kijana wa seminari akikishika. Index yenyewe iliacha kuwa sheria mwaka 1966. Lakini angalieni mwandishi huyo, asiyekuwa rafiki mkubwa wa mapadri, aanza na nani. Sehemu yote ya kwanza ni ya askofu wa Digne, naye alifuata mfano wa mtu wa kweli, Askofu Miollis, aliyeongoza jimbo lile toka mwaka 1805 mpaka 1838. Twamwona akihama nyumba yake kubwa ili wagonjwa 26, waliobanana katika lopitali ndogo, wapate nafasi. Twamwona akipokea franga 15,000 kwa mwaka na kujiwekea 1,000 tu. Twamwona akipanda punda kwenda kwenye paroki za mlimani. Twamwona akienda kwa mzee wa mapinduzi aliyeachwa na watu wote, ili amwongoe, na mwisho yeye askofu apiga magoti kuomba baraka. Baada ya kurasa hizo zote ndipo Valjean anapobisha mlango. Kwa hiyo vinara vile havikutolewa kwa ghafula. Mkono uliovitoa ulikuwa umezoea kutoa, kila siku, katika mambo madogo, pasipo mtu wa kupiga makofi.

Katika mchezo, askofu apita kwa dakika chache. Aimba maneno yake, abariki, atoweka. Huruma yanyesha kama mvua, wala mtazamaji haambiwi ilitoka katika wingu gani. Mtu atatujibu kwamba jukwaa halina nafasi ya kurasa mia. Ni kweli. Lakini mwishoni, Valjean anapokufa, wanaokuja kumchukua ni Fantine na Éponine; askofu hakumbukwi hata pale, wakati ambapo nafasi ilikuwapo. Waliotengeneza filamu ya mwaka 2012 walilisahihisha hilo: askofu ndiye anayempokea. Tena aliyechaguliwa kuwa askofu ni Colm Wilkinson, yule aliyekuwa Valjean wa kwanza London mwaka 1985. Aliyepokea vinara katika ujana wake akawa mwenye kuvitoa uzeeni. Twasema kwamba hilo ni wazo bora kuliko maneno mengi.

Kasoro ya pili: Thénardier na mkewe. Katika kitabu wamtesa mtoto wa watu, naye mume awaibia maiti vitani. Jukwaani watu wawacheka na kuwapigia makofi. Kicheko kimewaosha. Umaskini nao umekuwa kitu cha kutazamwa kutoka kitini. Tulipokuwa masomoni Ulaya, tulipata kiti cha juu kabisa, cha bei ndogo, katika nyumba ile ya London. Jirani yetu alilia, nasi tulilia. Tulipotoka, mtu alikuwa amelala barabarani, amejifunika makaratasi. Tulipita haraka, maana tuliogopa kukosa basi. Hatumlaumu jirani wala wachezaji; twajishitaki wenyewe. Machozi ya jukwaani hayana gharama, na mtu huweza kudhani kwamba kwa kulia amekwisha kulipa.

Sasa turudi kwenye swali la kudumu. Wenye mchezo huu wanajua hatari yake. Mwaka 1996, New York, baada ya miaka karibu 10, Mackintosh na Caird waliutazama mchezo wao wakaona umechoka: nyimbo zilikuwa zilezile, hatua zilezile, lakini roho haikuwamo. Waliwaondoa wachezaji wengi, wakaweka wapya. Dawa kali! Mtakatifu Augustino, akieleza muujiza wa mikate, afundisha kwamba kazi za Mungu za kila siku zimekuwa rahisi machoni petu kwa sababu ya kuzizoea tu, ijapo mbegu inayoota ni ajabu kubwa kuliko mikate mitano. Mazoea hupofusha.

Wachezaji hawana pa kujificha: moyo wao ukilala, mchezo umekufa. Sisi tunapo pa kujificha. Sakramenti hutenda kazi ex opere operato, wala Misa haibatiliki kwa uvivu wa padri. Neno hilo ni faraja kwa waamini. Ole wetu tukilifanya mto wa kulalia! Mchezaji huamka kila jioni kwa ajili ya hadithi iliyotungwa, sisi je?

Hukumu yetu ni hii. Mchezo ni mzuri, nao wastahili kutazamwa na kusikilizwa, hasa kwa ajili ya zile nyimbo mbili zenye sauti moja. Lakini hesabu ya miaka si ushahidi wa kutosha. Tena kuna jambo la ajabu: mchezo uliorudiwa mara 15,000 umemsahau mtu mmoja aliyejua maana ya kurudia. Askofu wa Digne hakutoa vinara mara moja. Alivitoa katika kila siku ya maisha yake, mpaka alipokuja mtu wa kuvipokea. Waseminari watakaoimba au kucheza hadithi hii shurti warudi kwanza kwenye kurasa zile za mwanzo tulizoziruka darasani. Na atakayepewa sehemu ya askofu asinung'unike kwamba maneno yake ni machache.