'Ubebekaji' wa programu: Kazi si kubeba, kazi ni kukaa

MOJAWAPO ya dhana zinazotutatiza katika istilahi za kompyuta ni ile sifa ya programu iliyoandikiwa mfumo endeshi mmoja kuweza kutumika katika mingine. Tukitafsiri sisisi, tunapata "ubebekaji". Kwa maoni yangu, neno hili linapotosha. Kubeba msimbo ni rahisi, hata flashi inatosha. Kibarua ni msimbo huo kukaa ugenini bila kugoma.

Chukua OpenSSH, programu ya kuingia katika kompyuta ya mbali kwa usalama. Ilizaliwa mwaka wa 1999 ndani ya OpenBSD. Huko kwao kuna kifungu cha msimbo kiitwacho strlcpy, kinachonakili maandishi bila kufurika nafasi yaliyotengewa. Maktaba ya glibc, inayotumika sana katika Linux, haikuwa nacho hadi 2023. Mgeni afanyeje?

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Waandishi wengi wa programu wameutii ushauri huu kupita kiasi. Kila baada ya mistari michache wanachomeka sharti: kama hii ni Linux fanya hivi, kama ni Solaris fanya vile. Henry Spencer na Geoff Collyer waliukosoa mtindo huu mwaka wa 1992, na walikuwa na haki. Masharti 10 yasiyotegemeana huzaa njia 1,024. Nani atazijaribu zote?

OpenSSH iliteua njia nyingine. Kundi moja huandikia OpenBSD pekee, msimbo safi usio na vijisharti. La pili huandaa toleo la mifumo mingine, na vinavyokosekana ugenini, strlcpy ikiwemo, huwekwa katika folda yake pembeni. Mpango huu una dosari: kundi la pili daima hulikimbilia la kwanza, na masharti kadhaa bado yamepenya katika msimbo wa toleo lake. Hata hivyo, anayesoma anajua kiini ki wapi na viraka vi wapi.

Ndiposa nasema "utangamano" ungetufaa kuliko "ubebekaji". Mwanafunzi anayefunzwa ubebekaji atadhani kazi imekwisha msimbo unapofika. Anayefunzwa utangamano atauliza: mwenyeji ana nini, hana nini, na nimfumbie jicho wapi? Afumbe mlangoni, basi. Anayefumba katika kila chumba mwishowe hujikwaa hata nyumbani kwake.