Lami, Taka na Jina la Sheria: Uhakiki wa Kanuni ya Italia ya Mwaka 2018

Kanuni namba 69 ya tarehe 28 Machi 2018, iliyotolewa na Wizara ya Mazingira ya Italia, yahusu jambo ambalo kwa juu juu liko mbali na taaluma ya lugha, nalo ni kutumia tena lami iliyokwanguliwa katika barabara kuukuu. Wahandisi huisoma kwa ajili ya vipimo vyake, na wanasheria kwa ajili ya masharti yake. Hata hivyo yastahili kusomwa na wataalamu wa lugha pia, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ni kutaja. Kitu chabaki kile kile. Jina lake ndilo libadilikalo, na pamoja na jina hubadilika haki na wajibu wa mwenye nacho.

Barabara ikichakaa, tabaka lake la juu hukwanguliwa kwa mashine, na kifusi kipatikanacho ni punje za kokoto na mchanga zilizoshikamana kwa lami. Kwa uzito, kokoto na mchanga ni kadiri ya sehemu 95 katika 100, na lami ni sehemu 5 tu. Lakini sehemu hiyo ndogo ndiyo yenye thamani kubwa, na ndiyo iletayo mashaka. Kifusi hiki chaweza kupashwa moto, kikachanganywa na lami mpya, kikarudi barabarani.

Je, kifusi hiki ni taka? Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008 halitazami kwanza sifa za kitu, bali tendo na nia ya mwenyewe: taka ni kitu ambacho mwenyewe hukitupa, au akusudia kukitupa, au alazimika kukitupa. Neno la Kiitaliano, rifiuto, laafikiana na fikira hiyo, maana ni jina la tendo la kukataa. Taka ni kilichokataliwa. Neno la Kiswahili lina mwelekeo mwingine. Taka hutaja uchafu ulio katika kitu chenyewe, na msemaji wa kawaida akiona chungu ya kokoto zilizokwanguliwa hataiita taka, ataiita kifusi. Basi mfasiri aandikapo taka pasipo maelezo amekwisha kukitia kitu hatiani kwa uchafu ambao sheria haikuutaja.

Sehemu iliyo bora katika kanuni ya Italia ni ile ielezayo jinsi kifusi kinavyotoka katika jina la taka. Masharti ni kwamba kitumike kwa kazi zilizotajwa, kifuate viwango, na kipimwe. Kisha mzalishaji atie sahihi tamko la kwamba masharti yametimizwa. Hapa neno latenda kazi. Kama vile talaka igeuzavyo hali ya mtu ilhali mwili wake ni ule ule, ndivyo tamko hili ligeuzavyo taka kuwa bidhaa. Ni utaratibu wa busara, kwa kuwa humtaka mtu mmoja ajulikanaye kubeba dhamana. Lakini mtoa tamko ndiye pia mwenye faida, na wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tamko halina nguvu kupita kipimo kilicho nyuma yake.

Kasoro ya kanuni ni kwamba jina jipya, granulato, limefumbata mambo mawili yasiyo sawa. Punje zirudishwazo katika lami mpya, na punje zitandazwazo chini ya barabara kama kokoto tu, zote zapewa jina hilo. Katika matumizi ya kwanza lami ya zamani yafanya kazi tena ya kushikamanisha. Katika ya pili yazikwa, na thamani yake yapotea. Jina moja laficha hasara hiyo, na msomaji aweza kudhani kwamba kila punje iliyotumika tena imetumika vema.

Jambo zito zaidi ni lami yenyewe. Iko lami itokanayo na mabaki ya kusafisha mafuta ghafi, yaani bitumeni, na iko lami itokanayo na makaa ya mawe yaliyochomwa pasipo hewa. Hii ya pili ina kemikali nyingi ziletazo saratani, nayo ilitumika sana katika barabara za Ulaya zamani. Orodha ya taka ya Ulaya yazitenga kwa namba mbili, na kanuni ya Italia yapokea ile isiyo na lami ya makaa peke yake. Lakini mpaka u wapi? Italia yahesabu jumla ya jamii ya kemikali hizo, na kikomo ni miligramu 100 kwa kilo. Uholanzi, iliyokataza lami ya makaa kurudi barabarani tangu 2001, yahesabu kemikali kumi, na kikomo ni 75. Uingereza yatazama kemikali moja, benzopireni, na kikomo ni 50. Namba hizi hazilinganishiki, kwa maana hazihesabu kitu kimoja. Kila moja ni fasili ya neno, iliyoandikwa kwa tarakimu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoguswa. Neno lami hutumiwa kwa bitumeni, kwa lami ya makaa, kwa mchanganyiko wake na kokoto, na hata kwa barabara yenyewe, kama isemwavyo kwamba gari limeingia kwenye lami. Katika mazungumzo hakuna ubaya. Lakini mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kanuni itakayosema kwamba lami kuukuu yaruhusiwa kutumika tena itakuwa imeruhusu sumu na dawa kwa neno moja, na mfanyakazi anayeivuta mvuke yake hatakuwa na neno la kujitetea.

Dawa si kutunga istilahi ngeni kwa wingi. Yatosha bitumeni ibaki kwa ile ya mafuta, lami ya makaa kwa ile ya pili, na kifusi cha lami kwa kilichokwanguliwa, kabla hakijapimwa na kupewa jina la taka au la bidhaa. Kamusi zikikubali tofauti hizi tatu na kuzifafanua, mwandishi wa sheria atapata pa kusimama.