Hazel Dickens: Ufundi Ndio Harakati

Wapenzi wa muziki wa country wanamjua Jim Reeves, wanamjua Dolly Parton; Hazel Dickens ni wachache waliomsikia. Mwanamke huyu wa milima ya West Virginia, Marekani, aliyefariki mwaka 2011, hakuwahi kubebwa na kampuni kubwa. Alihamia Baltimore, akafanya kazi viwandani na kuimba baa, na rekodi zake zikatolewa na kampuni ndogo huru, Folkways kisha Rounder. Wengi humsifu kama mwanaharakati aliyejua pia kuimba. Sifa hiyo inampunja, kwa maana harakati zake zilikaa ndani ya ufundi wenyewe.

Tuuangalie wimbo wake "Black Lung", alioutunga baada ya kaka yake, mchimba makaa ya mawe, kufa kwa maradhi ya mapafu yaletwayo na vumbi la mgodini. Hakuna gitaa wala banjo: ni sauti tupu, kali, yenye mkwaruzo, mfano wa uimbaji wa makanisa ya Primitive Baptist alikohubiri baba yake. Anayasemesha maradhi ana kwa ana. Mgonjwa anapomwendea bosi, anafungiwa mlango, na hotuba dhidi ya kampuni haifuati, kwani mlango ule umekwisha kusema. Hukumu anaachiwa msikilizaji.

Wapo wasemao kwamba wimbo ukiingia siasa hugeuka kauli mbiu yenye tuni. Zipo nyimbo za namna hiyo, tena nyingi. Lakini kauli mbiu humbembeleza anayeisikia, na Dickens hakumbembeleza mtu. Katika "Don't Put Her Down, You Helped Put Her There" anawageukia wanaume wa baa wanaomdharau mwanamke aliyeanguka, na kuwaambia mkono wao umo. Wanaume wa aina hiyo ndio waliokuwa wakimsikiliza baa. Mpiga debe hathubutu.

Wengine watauliza: wimbo umewahi kubadili sheria gani? Sheria ya usalama wa migodi ya 1969 ilisukumwa na vifo vya watu 78 katika mlipuko wa mgodi wa Farmington, West Virginia, mwaka 1968, na migomo ya wachimbaji. Ni kweli. Ila sheria huhesabu wafu kwa jumla, na jumla husahaulika upesi. Dickens aliuimba msiba ule, na sauti yake ikasikika tena katika "Harlan County, USA", filamu ya Barbara Kopple ya 1976 kuhusu mgomo wa wachimbaji wa Kentucky, iliyoshinda Oscar. Humo wafu si takwimu, na waliogoma wana sababu ya kurudi kesho yake kwenye mstari wa mgomo. Kwa hiyo anayetaka kuwaimbia wanyonge asikimbilie umati. Ajifunze kwanza kuimba sawasawa kifo cha mtu mmoja.