Duara Lisilo na Jina

Mgeni akija kujifunza kazi kwake, dada mmoja mchora ramani humwanzishia Hai Amarat, mtaa wa Juba ilipo ofisi yake. Hamwonyeshi vinamasi vya Sudd wala nyanda za Jonglei. Humfungulia picha ya setilaiti ya mtaa huu na kumwambia atafute kontena. Juba imejaa makontena: mengine ni maduka, mengine stoo, mengine watu wanalala humo. La futi 20 lina urefu wa mita 6 na kidogo, la futi 40 mita 12 na kidogo, na kipimo hicho ni kilekile Mombasa hadi Shanghai. Ukiliona moja kwenye picha umeshapata rula. Sasa pima ukuta wa ua, pima upana wa barabara ya udongo. Kisha mwanafunzi hutolewa nje akaone kwa macho yake alichokitazama kutoka juu: lile doa jeusi kumbe ni tangi la maji juu ya mnara wa chuma, na pale palipong'aa pana mabati mapya.

Nimekaa kando yake mara nyingi akifanya kazi. Wengi husifu macho yake. Mimi ninachokistahi zaidi ni jinsi anavyokataa kukipa kitu jina mapema.

Chukua kivuli. Setilaiti nyingi zinazopiga picha za ardhi hupita karibu saa nne au saa nne na nusu asubuhi kwa mwendo wa jua, kwa hiyo mwanga hutokea mashariki. Lakini Juba iko karibu nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta. Desemba jua liko kusini, na vivuli huanguka kaskazini-magharibi. Juni limeshavuka kwenda kaskazini, na vivuli huanguka kusini-magharibi. Nyumba ileile, saa ileile, kivuli kimehama upande. Hapo ndipo pana mtego. Jicho la binadamu limezoea mwanga unaotoka juu, na picha kwa kawaida huwekwa kaskazini ikiwa juu. Katika picha ya Desemba mwanga unatoka chini ya picha, na ubongo unadanganyika: shimo linaonekana kilima, na kilima kinaonekana shimo. Nilimwona akitazama machimbo ya mawe karibu na Jebel Kujur. Mimi niliona vichuguu vimejipanga. Yeye aliigeuza picha juu chini, bila kusema neno, na vichuguu vyote vikadidimia vikawa mashimo.

Mstari ulionyooka haumsumbui. Mfereji wa Jonglei, ulioanza kuchimbwa 1978 na kusimama 1984 baada ya mashambulizi ya waasi wa SPLA, unaonekana hata na mtoto: zaidi ya kilomita 240 kati ya 360 zilizokusudiwa, umekatwa moja kwa moja katikati ya nyika. Asili haichori hivyo, na mtu akiona mstari wa namna ile anajua ni kazi ya binadamu.

Duara ndilo gumu, na Sudan Kusini ni nchi ya maduara. Tukul, nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, ni duara. Luak, banda la ng'ombe la Wadinka, ni duara pana zaidi. Kichuguu ni duara, kambi ya ng'ombe huacha duara, na tanuri la mkaa nalo huacha doa la mviringo. Picha za bure za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zilizoanza kurushwa 2015, zina pikseli ya mita 10, na tukul nzima inamezwa na pikseli moja. Lazima zipatikane picha za kununua, zenye pikseli ya sentimita 30 au 50. Hapo paa la nyasi hujitambulisha: upande unaoelekea jua ni mweupe, wa pili mweusi, na kivuli kina ncha. Kwenye luak unatafuta ardhi iliyokanyagwa hadi ikabaki wazi, na njia za ng'ombe zinazoingia na kutoka. Kambi ya kiangazi aghalabu haina mapaa ya kutafuta. Ina majivu ya kinyesi kinachochomwa kufukuza wadudu, rangi ya kijivu inayokaribia nyeupe, na njia nyingi nyembamba zinazokutana hapo kutoka malishoni.

Halafu kuna moto, na hapa huwa anapunguza mwendo kabisa. Tukul iliyoungua hubaki pete ya ukuta wa udongo. Paa limekwenda, kivuli chenye ncha hakipo, unaona hadi ndani. Lakini kila kiangazi watu huchoma nyasi, na weusi peke yake hausemi kitu. Yeye hufuata ukingo wa weusi, pikseli kwa pikseli. Je, nyasi zilizoungua zinafika hadi ukutani? Kama vibanda vimeteketea na nyasi zilizo kati yake bado ni za manjano, moto huo haukutoka porini. Waliosoma picha za mji wa Abyei ulipochomwa Mei 2011 kwa ajili ya Satellite Sentinel Project, mradi ulioanzishwa na George Clooney na John Prendergast kuelekea kura ya maoni ya uhuru wa Sudan Kusini ya Januari mwaka huo, walibeba uzito wa maswali ya namna hii. Jina moja likikosewa, kijiji kizima kinasingiziwa au kinasahauliwa.

Picha zikimwishia, huchukua simu. Huzungumza na wazee kwa Kiarabu cha Juba, na sijamsikia hata mara moja akimuuliza mzee, "Hapo palikuwa na kambi?" Huuliza palikuwa na nini kabla ya mvua, kisha hunyamaza. Jibu lisitoke kinywani mwake yeye.

Kuna utafiti wa Kenya anaoupenda sana. Katika nyanda za Narok, picha za setilaiti zilionyesha viwanja vya mviringo vya nyasi nzuri katikati ya nyika. Mwanaakiolojia Fiona Marshall na wenzake walikwenda kuchimba, wakakuta tabaka la samadi ya kale: maboma ya wafugaji ya miaka kati ya 1,550 na 3,700 iliyopita, ambayo udongo wake bado una fosforasi na kalsiamu nyingi kuliko ardhi ya jirani. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature, 2018. Huko Laikipia, madoa ya kijani yaliyopangika kwa nafasi karibu sawa yana mwenyewe mwingine kabisa: ni mchwa, kila koloni ikilinda eneo lake dhidi ya jirani. Ukiyatazama kutoka juu kwa haraka, utasema yote ni kitu kimoja.

Ana faili la maduara ya upande wa Terekeka ambayo hajayapa jina. Baada ya kusoma habari za Narok ameanza kuyatazama upya kwa picha za Mei, mvua zikiwa mpya, aone ni yapi yanayotangulia kuwa kijani.